Udongo wa Kununua na Udongo wa Kuchimba: Mwongozo kwa Mkulima wa Salama

Ukiingia agroveti yoyote kati ya Salama, Sultan Hamud na Emali, kando ya dawa za minyoo na chumvi ya ng'ombe unaweza kukuta pakiti ya unga wa kijivu au wa rangi ya maziwa. Maandishi yake yanasema kwamba unafunga sumu iliyomo kwenye chakula cha mifugo. Mara nyingi unga huo ni udongo. Basi mkulima ana haki ya kuuliza: nilipe pesa kwa udongo, na shamba langu lote ni udongo? Jibu linategemea kazi unayotaka ifanyike. Kuna kazi moja ambayo udongo wa kununua hauna mbadala, na kuna kazi nyingine ambazo udongo wako mwenyewe, ukitengenezwa kidogo, unazimudu vizuri.

Tuanze na udongo wenyewe. Ule wa kufinyangia vyungu umejengwa kwa vipande bapa, vyembamba kupita kiasi, vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Aina moja, iitwayo montmorilonaiti, kurasa zake hufunguka maji yakiingia. Ndiyo iliyojaa kwenye udongo mweusi wa nyanda za Konza na Malili, ule unaovimba na kunata mvua ikinyesha, kisha kiangazi ukapasuka nyufa za kutosha kumeza jembe. Gramu moja tu ya madini hayo, lau ungeweza kutandaza kurasa zake zote, ingefunika mita za mraba 700 hivi, yaani zaidi ya ploti ya futi 50 kwa 100. Nguvu ya udongo iko hapo: nafasi kubwa mno ya kushikia vitu ndani ya punje ndogo.

Kati ya kurasa hizo hukaa chembe za madini mengine kama kalisi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chokaa, au sodiamu, ambayo imo kwenye chumvi na magadi. Ukibadilisha chembe hizo, au ukiuchoma udongo, au ukiuchemsha kwa asidi, tabia yake yote inageuka. Wataalamu wanaposema udongo uliorekebishwa, wana maana hiyo tu. Tofali la kuchoma ni udongo uliorekebishwa kwa moto. Mafuta ya kupikia yanayong'aa dukani kwa kawaida yamepitishwa kiwandani kwenye udongo uliochemshwa kwa asidi ya salfa, ukanyonya rangi na uchafu. (Ukiletewa bure mabaki ya udongo huo wa kiwandani, yakatae: yamejaa mafuta na yanaweza kuwaka moto yenyewe yakirundikwa.) Na huko Kinyiki, upande wa Mtito Andei, kuna vermikulaiti, madini ya jamii hiyo hiyo ambayo yakipashwa moto mkali hufura mara nyingi ya unene wake na kuwa mepesi. Mafundi wa jiko la makaa lenye kauri ndani wamekuwa wakiyachanganya na saruji ili kushikilia kauri kwenye bati na kuzuia joto lisitoroke.

Sasa turudi kwenye pakiti ya agroveti, kwa sababu hapo ndipo afya ya nyumba yako inapoguswa.

Adui anayekusudiwa ni aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu wa rangi ya kijani na manjano anayeota kwenye mahindi na njugu, hasa mmea ukipigwa na ukame shambani au nafaka ikiwekwa ghalani kabla haijakauka. Eneo letu linaijua kwa machungu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamelimwa na wenyewe na kuhifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Kupika hakuisaidii nyumba. Ugali uive vipi, maziwa yachemke vipi, sumu inabaki.

Kiwango kinachoruhusiwa Kenya kwenye mahindi ya chakula ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Hiyo ni sawa na miligramu 10 ndani ya tani nzima. Kwenye gunia la kilo 90 haifiki hata miligramu moja. Kwa hiyo usijidanganye kwamba utaiona kwa macho. Hindi lenye ukungu ni la kutiliwa shaka, lakini hindi safi machoni si lazima liwe salama.

Mifugo inaingiaje hapa? Mahindi yaliyooza kidogo, yale ambayo mama wa nyumba amekataa kuyasaga, mara nyingi huishia kwa kuku au ng'ombe. Kuku hudumaa na mayai yakapungua. Ng'ombe naye huibadilisha sehemu ya sumu hiyo na kuitoa kwenye maziwa, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili baada ya kula. Maziwa hayo yanarudi mezani, kwa watoto kwanza. Yale uliyoyatupa mlangoni yameingia kupitia dirishani.

Udongo wa pakiti hufanya kazi tumboni mwa mnyama. Chembe ya aflatoksini ni bapa, na inaingia vizuri kati ya kurasa za montmorilonaiti yenye kalisi, ikanaswa humo. Badala ya kupenya kwenye damu, inatoka na kinyesi. Mwanasayansi Timothy Phillips wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, na wenzake wamelifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980. Umoja wa Ulaya uliidhinisha bentonaiti, yaani udongo wenye montmorilonaiti kwa wingi, mwaka 2013 kwa kazi hii katika chakula cha kuku, nguruwe na wanyama wanaocheua, mradi isizidi gramu 20 kwa kilo ya chakula.

Ukifika dukani, omba "toksini binda". Ndilo jina ambalo mwenye agroveti analijua. Kisha soma pakiti kabla ya kulipa. Angalia kama imetajwa bentonaiti, montmorilonaiti au kifupi HSCAS. Nyingine zimetengenezwa kwa chachu badala ya udongo; si mbaya, ila ujue unachonunua. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, jina la mtengenezaji na kipimo. Pakiti isiyo na kipimo irudishe kwenye rafu. Unga uliopimwa kwenye karatasi ya nailoni bila maandishi usiununue hata ukipunguziwa bei.

Gharama usiihesabu kwa bei ya pakiti, ihesabu kwa gunia la chakula. Vipimo huandikwa kwa tani, na kwa bidhaa nyingi huwa kilo moja hadi tano kwa tani. Tuseme pakiti yako inataka kilo mbili kwa tani, na kilo moja inauzwa shilingi 400. Gunia la chakula la kilo 70 litahitaji gramu 140, ambazo ni shilingi 56. Ukiweka bei halisi ya duka lako kwenye hesabu hiyo, utajua mara moja kama inakulipa. Kwa ng'ombe wa maziwa anayekula mahindi ya nyumbani, mimi naona inalipa. Kwa kuku watano wa kienyeji wanaojitafutia uani, weka pesa hizo kwenye kukausha mahindi.

Kuchanganya kunataka subira. Gramu 140 ukizimwaga juu ya gunia la kilo 70, mnyama mmoja atakula udongo mtupu na mwingine hatapata kitu. Changanya kwanza unga huo na kilo mbili au tatu za pumba ndani ya karai hadi rangi ifanane. Halafu mwaga mchanganyiko huo kwenye chakula kilichotandazwa sakafuni na ugeuze kwa koleo mara kadhaa, ukianzia upande mmoja hadi mwingine. Funga kitambaa puani. Vumbi hilo si zuri kwa mapafu.

Jambo moja husahaulika. Udongo unaoshika sumu unaweza kushika na dawa. Kama kuku wako wanatibiwa kwa tailosini, au wanakula dawa ya koksidia, yaani kuhara damu kwa vifaranga, muulize daktari wa mifugo kabla ya kuweka udongo kwenye chakula chao. La sivyo unaweza kulipia dawa na udongo, na dawa isifanye kazi.

Na usiuchukulie unga huu kama ruhusa ya kulisha mahindi yaliyooza. Unapunguza aflatoksini, hauimalizi, na sumu nyingine za kuvu, kama fumonisini, hauzinasi sana. Hindi lililoota ukungu wa wazi lifukie au litie kwenye mbolea mbali na kuku.

Je, binadamu naye ale? Yamefanyika majaribio ya kitabibu, Ghana na hapa Kenya pia. Lile la Kenya lilichapishwa mwaka 2017, na mabaki ya aflatoksini kwenye mkojo wa washiriki yalipungua katika siku walizotumia udongo. Lakini udongo huo ulikuwa umechaguliwa, ukasafishwa na kupimwa madini mazito, na watu wakawa chini ya uangalizi. Haifanani hata kidogo na odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni na kupendwa na akina mama wajawazito. Odowa ya sokoni kwa kawaida huuzwa bila kupimwa. Inaweza kuwa na risasi, aseniki na mayai ya minyoo, na huzuia mwili kupata madini ya chuma ambayo mjamzito anayahitaji kuliko mtu yeyote. Ukiwa na hamu hiyo, mwambie mhudumu wa kliniki. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu.

Kwa sababu hizo hizo, udongo wa kulishia mifugo usiuchimbe mwenyewe. Huwezi kujua kwa macho kama una montmorilonaiti ya kutosha wala kama una madini ya sumu. Huo ndio wa kununua.

Bwawa ni habari nyingine. Wengi huku wamechimba mabwawa ya kuvuna maji ya mvua, na malalamiko ni yale yale: linajaa Novemba, Januari ni tope. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kununua bentonaiti na kuitandaza chini. Inafanya kazi, lakini piga hesabu. Kwa kawaida inatakiwa kilo 5 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, kutegemea udongo ulivyo. Bwawa la mita 10 kwa 10 litameza kati ya nusu tani na tani moja na nusu kwa sakafu peke yake, bila kuta. Kwa mkulima wa kawaida, mimi nasema hapana. Karatasi ya plastiki ya bwawa huenda ikapatikana kwa bei nafuu zaidi.

Ila kabla ya plastiki, pima udongo wako. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, weka udongo uliopondwa hadi theluthi moja, jaza maji, tia chembe ya sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu na uiache imetulia. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja. Vumbi laini hufuata ndani ya saa chache. Kesho yake utaona tabaka la juu kabisa, laini sana: huo ndio mfinyanzi. Pima urefu wa kila tabaka kwa rula. Kama mfinyanzi haufiki sehemu 15 kwa 100 ya udongo wote, acha, nunua plastiki. Ukifika au ukizidi, na bwawa bado linavuja, huenda tatizo ni kwamba kalisi imeufanya mfinyanzi ushikane katika punjepunje, na maji yanapita katikati.

Hapo ndipo magadi soda inapofaa. Soda hiyo, ile ya viwandani inayotoka Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado, huleta sodiamu inayochukua nafasi ya kalisi. Punje zinavunjika, kurasa zinatawanyika na kuziba matundu. Kipimo ni nusu kilo hadi kilo moja kwa mita ya mraba. Kwa sakafu ile ile ya mita 10 kwa 10 ni mfuko mmoja au miwili ya kilo 50. Linganisha na tani ya bentonaiti.

Usiinunue kabla ya kujaribu. Toboa matundu madogo chini ya mikebe miwili inayolingana, uweke kitambaa ndani. Mmoja ujaze udongo wa bwawa ulivyo. Wa pili ujaze udongo huo huo uliochanganywa na soda, robo tatu ya kijiko cha chai kwa kila kilo. Lowesha kidogo, shindilia yote miwili sawasawa, kisha mwaga maji juu na uangalie hadi kesho. Kama wa pili unadondosha polepole kuliko wa kwanza, na tofauti ni ya wazi, soda itakusaidia. Kama yote inavuja sawa, umeokoa pesa zako.

Ukiamua kuendelea, acha bwawa likauke, ng'oa nyasi na mizizi, lima sentimita 15 za juu na uponde mabonge. Vaa glavu na miwani, nyunyiza soda siku isiyo na upepo na uchanganye. Rushia maji kidogo hadi udongo ukiufumbata kiganjani ufanye donge bila kutoa maji. Kisha shindilia: kikundi chenye mtambo wa kuviringisha kina bahati, wengine tunatumia vyuma vya kushindilia na miguu. Kuta nazo zinahitaji kazi hiyo hiyo. Funika kwa tabaka la udongo na changarawe ili kwato zisitoboe, na usiache pakauke kabisa, maana patapasuka.

Sasa onyo ambalo muuzaji hatakupa. Soda ya Magadi ina floridi ndani yake, ile inayotia meno rangi ya kahawia na ikizidi kudhuru mifupa. Kiwango cha juu cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya visima virefu vya Ukambani tayari vina floridi na chumvi ya kutosha. Kwa hiyo bwawa lililozibwa kwa soda ni la kumwagilia tu, na maji yake ya kwanza uyaache yapite yasiingie shambani. Maji ya kunywa yatafute kwenye tangi la paa au kwenye lambo la mchanga mtoni, ambalo Makueni na Kitui zinajulikana nalo duniani.

Kwa wanaojenga kwenye udongo mweusi, dawa ni ya upande wa pili: chokaa. Kalisi yake huutuliza udongo usivimbe, na baada ya wiki kadhaa huufanya mgumu. Wajenzi wa barabara huitumia. Kwa njia ya kuingilia uani au sehemu ya kuegesha pikipiki, changanya kilo 4 hadi 6 za chokaa iliyozimwa kwa kila kilo 100 za udongo mkavu, lowesha, acha siku moja, geuza tena na ushindilie. Chokaa huunguza macho na ngozi. Ikikugusa, osha kwa maji mengi. Kwa msingi wa nyumba usijitibu mwenyewe. Fundi mwenye uzoefu atakwambia uchimbe udongo mweusi wote hadi kwenye ardhi ngumu, na hakosei.

Mwisho, kuhusu wakati. Kazi ya bwawa na chokaa ifanye kati ya Julai na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba. Mahindi yapime yakitoka shambani, kabla hayajaingia ghalani: weka mahindi theluthi ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa na usubiri dakika 15. Chumvi ikigandana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi; endelea kuyakausha na uyapime tena. Isipoganda, yamekaribia, lakini kwa usalama yaanike siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, si ardhini, kisha yatie kwenye gunia lisilopitisha hewa. Ukitaka kuikinga sumu tangu shambani, ulizia bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, inayotengenezwa katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kilichoko Katumani huko Machakos. Hutawanywa kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Na mtu wa nyumbani akianza kutapika, macho yakageuka manjano au tumbo likavimba baada ya kula mahindi mapya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe kibaba cha mahindi hayo yakapimwe.